UZI: Maganda ya korosho, makonyo ya karafuu na vitamini E kama dawa ya kuzuia vilainishi kuzeeka

#1 Mkorosho_Kusini

Wakuu, salaam. Maswali kuhusu dawa za mimea za kulinda oili yametawanyika kwenye nyuzi nyingi humu, na majibu mengine yanaharibu mitambo ya watu. Nayakusanya hapa. Walengwa ni wachanganyaji wadogo wa vilainishi, mafundi wa haidroliki, watu wa misumeno ya misituni na wanafunzi wa kemia.

Kwanza tuelewane kinachozeesha oili. Joto, mwanga au chembe ya shaba hung'oa atomu ya haidrojeni kwenye molekuli ya mafuta, inabaki radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Radikali hiyo hudaka oksijeni papo hapo, inakuwa radikali ya peroksi, nayo inanyang'anya haidrojeni kwa molekuli ya jirani. Hapo umepata haidroperoksidi moja na radikali mpya moja, na kazi inaendelea. Haidroperoksidi nazo zikipata joto au shaba hupasuka na kuzaa radikali zaidi. Ndiyo sababu oili hukaa muda mrefu ikionekana salama, kisha ikaharibika kwa mkupuo: asidi inapanda, mnato unapanda, vanishi inashika kwenye valvu, tope linatulia chini ya tangi. Kwa makadirio ya kazini, kila joto likiongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya kuharibika hukaribia mara mbili.

Fenoli za mimea huingia katikati ya mnyororo huo. Kila fenoli, yaani molekuli yenye kundi la OH juu ya pete ya kaboni, humpa radikali ya peroksi haidrojeni yake yenyewe, na radikali inayobaki kwenye fenoli ni tulivu mno kuendeleza uharibifu. Fenoli moja kwa kawaida huzima radikali mbili, kisha imekwisha. Narudia kwa msisitizo: imekwisha. Dawa hii inaliwa, haikai milele.

Watu wengi huchagua mmea kwa kuangalia nguvu iliyopimwa kwenye kimiminika cha maabara, mara nyingi pombe. Kwa kilainishi, nguvu ni swali la tatu. La kwanza: je, inayeyuka kwenye mafuta haya, leo na baada ya miezi sita, usiku wa baridi? La pili: je, inabaki humo kwenye joto la mtambo, au inapaa? Dawa kali isiyoyeyuka ni mchanga tu chini ya pipa.

Kwa vigezo hivyo viwili vya kwanza, kwetu Afrika Mashariki mgombea mwenye nafasi nzuri ni kardanoli, fenoli itokanayo na mafuta ya maganda ya korosho. Ina mkia wa kaboni 15 unaoifanya ikubaliane na mafuta, na ni nzito, gramu 300 hivi kwa moli. Mtwara na Lindi maganda yapo, Kilifi na Kwale yapo. Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania husafirishwa ghafi na ganda lake kwenda India na Vietnam, kwa hiyo mafuta haya huondoka nayo bila kulipiwa kama bidhaa.

Karibuni, wenye data waweke.

#2 Sauda_Maabara

Asante Mkuu. Naongezea hesabu ambayo watu huiruka.

Dawa hufanya kazi kwa idadi ya molekuli, wakati sisi tunapima kwa uzito. BHT, fenoli ya kiwandani ambayo kila mtu hulinganisha nayo, ina gramu 220 kwa moli. Alfa-tokoferoli, yaani vitamini E, ina gramu 431. Ukitia asilimia 0.5 ya kila moja, upande wa tokoferoli una karibu nusu tu ya molekuli. Kisha mtu anaandika kwamba vitamini E ni dhaifu. Si dhaifu. Kwa kasi ya kudaka radikali ya peroksi kwenye nyuzi 30, tokoferoli inaizidi BHT zaidi ya mara 200. Kinachoiangusha ni idadi, pamoja na joto: ikipanda moto, radikali ya tokoferoli huanza kufanya mambo mengine ambayo ya BHT hayafanyi kirahisi.

Jambo la pili. Mafuta ya alizeti yasiyosafishwa sana tayari yana alfa-tokoferoli, kwa kawaida miligramu 500 hadi 700 kwa kilo. Ukiongeza nyingine juu yake faida huwa ndogo, na ukizidisha inaweza kugeuka kuwa kichochezi cha uharibifu badala ya kizuizi. Kama unalazimika kutumia tokoferoli, tafuta mchanganyiko wenye gama na delta kwa wingi, ule unaotoka kwenye masalia ya kusafisha mafuta ya soya. Hizo mbili hudumu zaidi ndani ya mafuta kuliko alfa. Vidonge vya famasi vingi ni alfa-tokoferoli asetati. Asetati imefunika lile kundi la fenoli, kwa hiyo kwenye oili haina kazi kabisa. Soma lebo.

Kwa mafuta ya madini yaliyosafishwa vizuri habari ni tofauti: hayana kinga ya asili, kwa hiyo hata dozi ndogo inaonekana.

#3 FundiMisumeno

Habari wakuu. Huku Mufindi oili ya mnyororo wa chensoo yote inaishia ardhini na kwenye maji ya vijito, kwa hiyo mafuta ya mimea yana maana. Wengi wanatumia oili chafu ya injini, jambo baya kwa mbao, kwa ngozi ya opereta na kwa udongo. Shida ya mafuta ya mimea: msumeno ukikaa wiki mbili bila kazi, mafuta yanakuwa gundi kwenye pampu ndogo ya oili na kwenye mfereji wa baa. Mnyororo haupati mafuta, baa inabadilika rangi kuwa ya bluu kwa joto.

Ninachoomba ni fomula ya nyonyo na alizeti yenye kinga, kwa kiwango cha pipa. Na je, mafuta ya maganda yaliyokamuliwa tu kwa mashine yanaweza kuingizwa moja kwa moja, asilimia 1?

#4 Mkorosho_Kusini

Mkuu, usiingize yaliyokamuliwa tu. Sababu hii hapa.

Mafuta ya maganda yaliyokamuliwa baridi ni asidi ya anakardiki kwa asilimia 60 hadi 65 hivi. Kardanoli yenyewe ni kidogo, kama asilimia 10, na kardoli, fenoli nyingine ya maganda hayo, 15 hadi 20. Asidi ya anakardiki ina gramu kama 346 kwa moli, maana yake ikiwa safi ina namba ya asidi (miligramu za potasiamu haidroksidi zinazozima asidi ya gramu moja) ya takriban 162. Kwa asilimia 65 unapata kama 105. Tia asilimia 1 kwenye mafuta yako: namba ya asidi imepanda kwa 1 nzima kabla hata ya kuwasha mtambo. Kipimo cha ASTM D943 cha oili za tabaini huhesabu oili imekufa ikifika 2.0. Umeanza safari ukiwa nusu ya njia, na shaba ya kwenye bushi inaliwa.

Lazima uitoe kaboni dioksidi kwanza, ili asidi ya anakardiki igeuke kardanoli. Hatua ni hizi:

Chuja mafuta kwa kitambaa kizito kisha filta, utoe vumbi la ganda. Pasha polepole hadi nyuzi 105 kuondoa maji, ukikoroga. Maji yakibaki yatachemka kwa fujo baadaye. Kisha panda hadi 180, usivuke 200. Hapo povu linaanza. Si povu dogo: kilo moja ya mafuta ghafi hutoa kama gramu 83 za gesi, karibu lita 45 kwenye joto la kawaida. Chombo kijazwe theluthi moja tu, kiwe cha stenlesi, kiwe wazi kwa gesi kutoka lakini kiwe na bomba la kupeleka moshi nje. Shikilia joto hadi povu life lenyewe. Povu likishakufa, shusha joto. Ukiendelea kupika, kardanoli inaanza kuungana yenyewe kwa yenyewe, mafuta yanakuwa lami. Kupungua uzito kwa asilimia 8 hivi ni dalili nzuri kwamba kazi imekamilika. Thibitisha kwa namba ya asidi: kutoka juu ya 100 ishuke chini ya 10.

Usitumie sufuria ya chuma cha kawaida. Fenoli zikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi, na chuma kilichoyeyuka ndani ya dawa yako ni kichochezi cha uharibifu uleule unaoukimbia.

Baada ya hapo una mafuta ya maganda ya daraja la kiufundi: kardanoli asilimia 60 hadi 65, kardoli, na masalia ya lami kama asilimia 10. Kwa mnyororo wa msumeno yanaweza kutosha. Kwa haidroliki hayatoshi, lazima yatoneshwe kwa ombwe. Kardanoli huchemka karibu nyuzi 225 presha ikiwa milimita 10 za zebaki, kwa hiyo unahitaji pampu nzuri ya ombwe na sili zisizovuja. Hewa ikipenya kwenye joto hilo unapata kitu cheusi badala ya kimiminika cha manjano. Kardoli na lami hubaki chini.

Usalama: mafuta ghafi haya huunguza ngozi na kutoa malengelenge, yana ukoo mmoja na sumu ya mimea inayowasha. Vaa glavu za naitraili, mikono mirefu, miwani. Yakikugusa, futa kwanza kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni na maji mengi. Maji peke yake huyasambaza. Moshi wake usiuvute.

#5 Pwani254

Wakubwa, hamjambo. Niko na maswali mawili. Moja, mafuta ya karafuu ni yujenoli karibu yote na yujenoli ni fenoli. Pemba wanatonesha makonyo, bei yake ni ya chini kuliko karafuu yenyewe. Mbona haitajwi? Pili, tanini za mti wa wateli. Zinauzwa kwa magunia, na kila karatasi ya kemia inazisifu kama kizuizi cha oksidisheni. Kwa nini tuhangaike na ombwe?

#6 Sauda_Maabara

Pwani254 amesema: *yujenoli ni fenoli... mbona haitajwi?*

Kwa sababu ya swali la pili la Mkorosho: kubaki. Yujenoli ina gramu 164 tu kwa moli na huchemka nyuzi 254. Kipimo cha Noack cha upotevu wa oili za injini hufanyika nyuzi 250 kwa saa moja. Hapo yujenoli yote imeshaondoka. Hata kwenye giaboksi la nyuzi 80 lenye tundu la kupumulia itapungua wiki hadi wiki, na kila mtu karibu atajua kwa harufu. Pia ina tabia ya kushambulia baadhi ya plastiki na raba. Kabla hujaiweka kwenye mtambo wenye oil sili, loweka kipande cha sili hiyo kwenye mchanganyiko wako siku saba kwa nyuzi 70, pima unene kabla na baada.

Inapofaa: kulinda mafuta ya mimea yakiwa kwenye pipa la ghala, bila joto, kwa asilimia 0.1 hadi 0.2. Inafaa pia kama malighafi. Ukiunganisha yujenoli mbili kwa kioksidishaji, kwa mfano potasiamu ferisianidi ndani ya maji yenye amonia, unapata diyujenoli, gramu 326 kwa moli. Haipai kirahisi, na ina makundi mawili ya fenoli kwa molekuli moja. Hiyo ni njia inayostahili kazi ya shahada kwa mtu aliye Zanzibar, malighafi iko mlangoni.

Tanini za wateli, ikiwemo ya Njombe: zina nguvu sana, lakini ndani ya maji. Kwenye mafuta haziyeyuki. Ukizikoroga kwa joto utaona rangi nzuri ya kahawia, ukiacha bika usiku kucha asubuhi unga wote uko chini. Hadithi ni ileile kwa asidi ya galiki na kwa katekini za chai. Na kuna mtego wa kipimo hapa. ASTM D2272, kile cha chombo kinachozunguka, hutumia gramu 50 za oili, koili ya shaba, na mililita 5 za maji, chini ya oksijeni ya kilopaskali 620 kwa nyuzi 150. Mwisho ni presha ikishuka kilopaskali 175. Dawa inayopenda maji inahamia kwenye zile mililita 5 na kuiacha oili peke yake, majibu yanakuwa mabaya. Kipimo cha PDSC, chenye miligramu 3 za sampuli na oksijeni ya megapaskali 3.5, hakina maji, kwa hiyo dawa hiyohiyo inaweza kung'ara. Mtu akikuletea matokeo, muulize kwanza ni kipimo kipi.

Njia ya kuzifanya ziyeyuke ni kuziwekea mkia: esta ya asidi ya galiki yenye kaboni 12 inakubaliana na mafuta vizuri kuliko ile ya kaboni 3. Lakini galeti zote zikikutana na chuma na unyevu hutoa rangi ya bluu nyeusi, kemia ileile ya wino wa zamani. Kwenye tangi la chuma lenye jasho la maji, mteja atadhani oili imeungua.

#7 Mkorosho_Kusini

Sasa fomula ya FundiMisumeno.

Nyonyo peke yake ni nzito mno, kama 250 sentistoki kwenye nyuzi 40. Alizeti ni kama 34. Nusu kwa nusu kwa uzito inakupa karibu 80 hadi 85, na hiyo inapita kwenye pampu ya chensoo bila shida. Nyonyo inachanganyika na mafuta mengine ya mimea, lakini haichanganyiki vizuri na oili za madini za parafini, kwa hiyo usijaribu kuipunguza kwa oili ya injini.

Alizeti ndiyo upande dhaifu. Ile ya kawaida imejaa asidi ya linoleiki, na linoleiki huoksidika kwa kasi takriban mara 10 kuliko oleiki. Ndiyo inayogeuka gundi kwenye mfereji wa baa. Ukipata alizeti ya aina yenye oleiki nyingi, umetatua nusu ya tatizo kabla ya kununua dawa yoyote. Nasisitiza hapa kwa sababu watu hupenda kuongeza dawa juu ya mafuta mabaya.

Kwa pipa la lita 200, uzito wa mchanganyiko ni kama kilo 188:

Nyonyo iliyosafishwa kilo 93.5. Alizeti ya oleiki nyingi kilo 93.5. Kardanoli iliyotoneshwa gramu 940, yaani asilimia 0.5. Askobili palmiteti gramu 38, yaani asilimia 0.02, hii hurudishia tokoferoli ya alizeti haidrojeni yake ili ifanye kazi tena. Asidi ya sitriki gramu 10 kwa ajili ya kufunga shaba na chuma.

Asidi ya sitriki haiyeyuki kwenye mafuta. Iyeyushe kwanza kwenye mililita 50 za ethanoli kavu. Chukua kilo 10 za nyonyo kutoka kwenye hesabu ileile, pasha hadi nyuzi 65, tia kardanoli na askobili palmiteti, koroga dakika 45. Kisha dondosha ile ethanoli polepole ukiendelea kukoroga hadi harufu ya pombe iishe, mbali na moto wa wazi. Huo ndio mchanganyiko mama. Mimina kwenye pipa lenye mafuta mengine yaliyokaushwa maji, koroga kwa mwendo mdogo. Mashine ya kasi inayovuta hewa ndani hairuhusiwi, unaingiza oksijeni kwa mkono wako mwenyewe. Pitisha filta ya maikroni 10. Jaza pipa hadi juu.

Kabla ya yote pima peroksidi za mafuta unayonunua. Yakizidi 5 kwenye kipimo cha kawaida cha mili-ekwivalenti kwa kilo, yarudishe. Dawa itatumika yote kuzima moto ulioshawaka dukani.

#8 Mzee_wa_Gereji

Wanangu, mmeeleza vizuri. Nina mambo matatu ambayo vijana wa gereji huniuliza. Haidroliki ya tingatinga iliyokwisha kuwa kahawia na kunuka, je, ukitia kardanoli inarudi? Oili ya injini ya dizeli, inaongezeka muda wa kubadilisha? Na mafuta ya transfoma?

#9 Mkorosho_Kusini

Shikamoo Mzee.

Haidroliki iliyokwisha: hairudi. Asidi na vanishi vimeshaundwa, dawa haivivunji. Isitoshe, molekuli zenye ncha za kupenda maji zikiingia kwa wingi zinaweza kulegeza vanishi iliyoshika kwenye kuta za tangi na kuipeleka kwenye valvu za servo. Mwaga, safisha tangi, badilisha filta, ndipo uweke mpya yenye kinga.

Injini: usiguse. Oili ya injini imekuja na kifurushi chake cha zinki, sabuni za kalsiamu, vitawanyishi, vyote vimepimwa pamoja. Pete ya pistoni ya juu ina joto linalozidi nyuzi 200, na mkia wa kardanoli wenye vifungo viwili vitatu visivyoshiba unageuka vanishi hapo.

Transfoma: hapana. Mafuta ya transfoma hulindwa kwa BHT hadi asilimia 0.4, na kipimo kikubwa kwake ni upotevu wa umeme ndani ya mafuta. Masalia ya kardoli na chembe za madini kutoka kwenye dawa ya mimea huharibu kipimo hicho haraka.

#10 FundiMisumeno

Nimeelewa Mkuu. Sasa bila mashine ya mamilioni, nitajuaje kama dawa yangu inafanya kazi? Nina oveni, mizani ya kusoma hadi gramu 0.01, bureti, na kikombe cha Ford namba 4.

#11 Sauda_Maabara

Hivyo vinatosha kulinganisha, na kulinganisha ndiyo kazi yako.

Andaa mitungi minne ya kioo inayofanana kabisa, kwa sababu upana wa uso wa mafuta ndio unaoamua oksijeni inayoingia. Kila mtungi gramu 200. Wa kwanza hauna dawa. Wa pili BHT asilimia 0.5. Wa tatu kardanoli 0.5. Wa nne kardanoli 1.0. Katika kila mmoja weka waya wa shaba wa urefu uleule, uliosuguliwa kwa msasa uleule, ukaoshwa kwa asetoni na kushikwa kwa koleo. Alama ya kidole kwenye waya huharibu ulinganisho. Oveni nyuzi 95, vifuniko vilegee, badilishana nafasi za mitungi kila siku kwa kuwa nyuma ya oveni ni moto zaidi kuliko mlangoni.

Kila baada ya siku mbili pima mnato kwa kikombe, mafuta yakiwa nyuzi 40 kamili, kisha yarudishe kwenye mtungi wake. Chora grafu. Muda wa mnato kupanda asilimia 20 ndio alama yako. Kwa mafuta ya mimea mnato husema ukweli kuliko asidi, kwa sababu asidi inaweza kutokana na maji kuvunja esta bila oksijeni kuhusika, na hapo dawa yoyote ya kuzuia oksidisheni haina msaada. Kama asidi inapanda na mnato umetulia, tafuta maji: dondosha tone kwenye bati lenye nyuzi 140, likitoa mlio wa kukaanga, yamo.

Namba ya asidi: kiyeyusho ni toluini mililita 500, aisopropanoli 495, maji 5. Gramu 10 za mafuta, potasiamu haidroksidi ya moli 0.1 kwa lita kwenye bureti. Tofauti ya mililita kati ya sampuli na kiyeyusho kitupu, zidisha 0.1, zidisha 56.1, gawanya kwa 10. Ukitumia mililita 1.8 zaidi ya kiyeyusho kitupu, namba ni 1.01. Pima siku ya kwanza baada ya kuweka dawa, si kabla, ili asidi iliyoletwa na dawa yenyewe isihesabiwe kama uharibifu.

Tarajia BHT iishinde kardanoli gramu kwa gramu kwenye mtungi uliofungwa. Kardanoli haina vikundi vya kulinda pembeni mwa fenoli yake, kwa hiyo radikali yake si tulivu kama ya BHT. Ondoa vifuniko kabisa, BHT itaanza kupaa na pengo litapungua. Viwandani huongeza vikundi vya tati-butili pande zote mbili kwa gesi ya aisobutilini, na kushibisha mkia kwa haidrojeni. Hapo unapata fenoli nzito iliyolindwa, isiyopaa. Ukishibisha mkia bila kuongeza tati-butili unapata unga mgumu unaoyeyuka kwenye nyuzi 50 hivi. Angalia chupa iliyokaa kwenye friji kama haijitengi.

#12 Pwani254

Ahsante sana dada. Kuna mwenzangu anachanganya kardanoli na amini ya kiwandani, difenilamini yenye mikia, asilimia 0.3 kwa 0.2. Anauza kama "asilia". Hii ni sawa?

#13 Mkorosho_Kusini

Kikemia ni sawa kabisa. Amini hufanya kazi vizuri juu ya nyuzi 120 ambako fenoli huchoka, na fenoli humrudishia amini haidrojeni, kwa hiyo pamoja hudumu kuliko kila moja peke yake. Kwa gia zenye moto ni mchanganyiko ninaoupendekeza. Kibiashara aandike ukweli: mafuta ya mimea yenye kinga mchanganyiko. Mnunuzi anayeweka oili kwenye msumeno karibu na chanzo cha maji ana haki ya kujua kilichomo.

#14 FundiMisumeno

La mwisho kwangu: kardanoli niliyoelekezwa kununua imekuja kwenye jerikeni nyeupe, rangi nyekundu kama chai ya rangi. Imeharibika?

#15 Sauda_Maabara

Wekundu peke yake si kuharibika. Kardanoli iliyotoneshwa huanza manjano na kuiva rangi kadiri inavyokutana na hewa na mwanga. Angalia mnato na namba ya asidi dhidi ya cheti cha muuzaji. Ikivutika kama asali wakati cheti kinasema mnato ni 40 hadi 60 kwenye nyuzi 30, imeanza kuungana, irudishe. Ikiwa sawa, ihamishie kwenye chombo cha stenlesi au plastiki nyeusi nzito, jaza hadi shingoni, ukipata mtungi wa naitrojeni puliza juu kabla ya kufunga. Jerikeni nyeupe kwenye kibanda cha bati haifai. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya rangi isiyofutika, na kila ukichota, pima upya kwenye mtungi mmoja wa gramu 200 kabla ya kuchanganya pipa zima.